Fundi wa majalada nyuma ya soko la Chake: nyota nne, na herufi ishirini za dhahabu

Nianze na bei, kwani najua ndiyo mliyoifuata. Kuchapa ukurasa mmoja kwa wino mweusi ni shilingi 100. Kushona na kutia jalada gumu la kitambaa ni shilingi 15,000. Maandishi ya dhahabu kwenye uti wa kitabu hulipiwa kwa herufi, shilingi 500 kila herufi, na nafasi baina ya neno na neno haihesabiwi. Hilo la nafasi nilimuuliza fundi mara mbili, akacheka: "Nafasi bure, mwalimu. Nafasi ni ya Mungu."

Duka halina kibao. Ukifika Chake Chake, hapa Pemba, shika njia ya nyuma ya soko, uliza wanaposhona misahafu, mtoto yeyote atakupeleka. Ni chumba kimoja chenye feni, mashine kubwa ya kuchapia, nyingine ndogo iliyokufa zamani ambayo sasa imekuwa kabati la chupa za gundi, meza ndefu ya mbao nzito, na kisu kikubwa cha mkono cha kukatia karatasi. Hicho kisu fundi amemkataza kila mtu kukisogelea, mimi nikiwamo. Kazi yake kubwa ni misahafu iliyochoka: ya misikiti, ya madrasa, ya watu waliorithi kwa wazee wao. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao humletea ripoti zao za mwisho, na hapo ndipo penye lawama yangu moja. Nitaifikia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mstaafu, kwangu Wete. Mtoto wa ndugu yangu anayesoma Unguja alinishushia kwenye intaneti kitabu cha zamani, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na maktaba moja ya ng'ambo, akanitilia kwenye simu. Nikakisoma siku tatu. Siku ya nne kichwa kinaniuma, nikailaumu miwani, kumbe miwani haina kosa. Kurasa mia tatu na ushei huwezi kuzisoma kwa kusukuma kidole kama unayefukuza nzi. Nikamwambia kijana anitilie kwenye flashi, nikapanda daladala mpaka Chake.

Kitabu chenyewe kinaitwa Desturi za Wasuaheli na khabari za desturi za sheri'a za Wasuaheli. Kimechapwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Ndiyo, "Wasuaheli", na "khabari" kwa kha yake, kama alivyokuwa akiitamka bibi yangu. Jina lililo juu ni la Carl Velten.

Kijana wa kwenye kompyuta, umri wake sidhani umevuka ishirini, alikifungua akakunja uso.

"Bibi, hichi Kiswahili?"

"Kiswahili, mwanangu."

"Mbona cha Mjerumani?"

"Mjerumani ndiye aliyekipeleka chapani. Ndani humo Mjerumani husikii hata akikohoa."

Fundi alikuwa kainamia msahafu anausugua uti kwa mfupa. Akanyanyua kichwa. Tangu hapo nikajua ile kazi haitakuwa ya kuacha flashi na kuondoka.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kuchapa tu, na hapo sina la kusimulia zaidi ya kwamba kijana anajua kazi, na kwamba mashine ilikwama mara tatu kwa sababu ya unyevu wa karatasi. Nikaenda kula mkate wa mofa na supu ya pweza, nikarudi, bado inakwama. Nikalipa malipo ya awali nikaambiwa: "Njoo baada ya siku tatu."

Siku tatu zikawa tisa. Hiyo ndiyo lawama. Nilipopiga simu siku ya nne nikaambiwa wanafunzi wameleta ripoti, wana tarehe ya mwisho. Siku ya sita wanafunzi bado. Nikamwambia fundi kitabu changu kimeshangoja tangu 1903, lakini mimi mwenyewe sina miaka mingine mia na ishirini. Akaniambia nije siku ya tisa na atakishona mbele ya macho yangu. Hapo, kwa haki, nasema alitimiza. Na kama angelikuwa wa haraka nisingeliiona kazi yenyewe ilivyo.

Anachukua karatasi nne, anazikunja pamoja katikati, moja ndani ya nyingine, anapitisha mfupa juu ya mkunjo mpaka karatasi inalia. Hicho ni kitita kimoja, kurasa kumi na sita. Changu kilitoka vitita 23. Anavipanga wima, anavibana baina ya mbao mbili, anatia alama za penseli kwenye migongo, halafu anatoboa kwa msharasi, tundu kwa tundu, bila ya kupima tena. Uzi anaupitisha kwanza kwenye kipande cha nta ya nyuki cheusi kama kaa. Nilimuuliza nta ya nini. Akanipa ule uzi nivute: mkavu unateleza na kukata karatasi, wenye nta unang'ang'ania. Kisha sindano inaingia kitita cha kwanza, inatoka, inaingia cha pili, inarudi kukishika cha kwanza, mpaka vyote vinashikana mikono. Gundi inakuja mwisho kabisa. "Wanaotia gundi tu," alisema, "kitabu chao ukikifungua mara kumi kinakutemea kurasa." Katika nyumba yangu viko vitabu vya namna hiyo, vingine nimevinunua kwa bei ya kushangaza, sitaji vya nani.

Wakati anashona aliniuliza: "Sasa huyu Velten ni nani?"

Nikamwambia nijuayo. Alizaliwa 1862. Mwaka 1890 wakubwa walipogawana pwani yetu, sisi visiwa tuliangukia kwa Mwingereza, Mrima, yaani pwani ya bara, ukaangukia kwa Mjerumani. Velten alikuja Dar es Salaam mwaka 1893 akawa mkalimani wa gavana mpaka 1896. Ndiyo kusema huyu hakuja kutalii. Kila neno la Kiswahili alilojifunza lilipita kwenye baraza la serikali. Akarudi Berlin akasomesha kwenye chuo cha lugha za Mashariki, kilichofunguliwa 1887, ambako maofisa waliokuwa wakitumwa makoloni walisomeshwa kwanza lugha na mila za watu watakaokwenda kuwatawala. Akatoa vitabu kimoja baada ya kingine: hadithi na ngano 1898, safari za Waswahili 1901, hizi desturi 1903, nathari na mashairi 1907, kamusi 1910. Alikufa 1935.

"Mtu wa kazi," akasema fundi.

Mtu wa kazi, sikatai. Na njia yake ilikuwa na jambo ambalo wenzake wengi hawakuwa nalo. Wengi wa wale wataalamu wa Kijerumani wa mila za watu walikuja, wakatazama, wakauliza kwa mkalimani, wakarudi kwao wakaandika kwa Kijerumani "wenyeji hufanya hivi, wenyeji huamini vile". Velten aliwaambia Waswahili wenyewe waandike. Waliandika kwa Kiswahili chao, yeye akatoa kitabu kizima kwa Kiswahili na tafsiri ya Kijerumani akaitoa mbali, mwaka uleule. Kwa hiyo leo mimi wa Wete naweza kukisoma bila ya kumpitia yeye. Humo mna kuzaa na kulea, jando na unyago, harusi, ngoma, pepo na uganga, kilimo, biashara ya bara, watumwa na mabwana zao, deni, urithi, mazishi. Sehemu ya sheria, ukiisoma kwa jicho baya, unaona kabisa ofisa wa Kijerumani kakaa kwenye kiti anataka kujua amhukumu vipi mtu wa Bagamoyo kwa sheria ya mtu wa Bagamoyo. Ukiisoma kwa jicho zuri unamsikia babu yako.

Kijana akauliza toka kwenye kompyuta: "Aliyeandika nani sasa?"

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Waliochangia ni zaidi ya mmoja, lakini mkono mkubwa ni wa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyesoma elimu ya dini, mwalimu. Mwaka 1900 alichukuliwa Berlin kusomesha Kiswahili katika chuo kilekile cha Velten.

Fundi akasita na sindano. "Mswahili, Berlin, 1900?"

Nikamwambia hakuwa wa kwanza, na kwamba wa kabla yake alitoka hapahapa Zanzibar: Amur bin Nasur, alisomesha huko tangu 1891 mpaka 1895. Aliyoyaona Berlin akayaandika, na Büttner, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili pale, akayatia kwenye mkusanyiko wake uliochapwa 1894. Tunawasomesha watoto skuli kana kwamba Waafrika walisafirishwa tu. Waliokwenda kwa miguu yao na kalamu zao hatuwataji. Haya, hilo jengine.

Mtoro sasa. Mimi nimesomesha miaka mingi, kwa hiyo huyu namsoma kama mwalimu mwenzangu, mnisamehe nikikaa kwake. Pale chuoni Wajerumani walikuwa maprofesa. Yeye, mwenye lugha, cheo chake ni msaidizi. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata aliacha kazi baada ya ugomvi juu ya heshima yake kama mwalimu mbele ya wanafunzi wale waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Akaamua kurudi kwao na mkewe. Wakapanda meli, wakavuka bahari zote hizo, na walipofika pwani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani serikali ikakataa wasiingie. Mtu mweusi na mke mweupe, pamoja, mbele ya macho ya watu wa Bagamoyo na Dar es Salaam: hilo koloni halikuweza kulibeba. Mwandishi wa desturi za watu wa Mrima akaiona Mrima kutoka melini, akarudishwa Ujerumani. Baadaye alisomesha Hamburg, kwa Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kiafrika, tangu 1909 mpaka 1913. Akafa Berlin mwaka 1927.

Chumba kilinyamaza isipokuwa feni. Halafu kijana akasema, "Kwani kosa lake nini?" na hakuna aliyemjibu.

Ili nisionekane nasifu tu, niseme pia nilipomkamata Mtoro. Mama yangu alikuwa somo, mfunzi wa wasichana kwenye unyago, amewacheza wari wengi wa Wete na Konde. Nilipoifikia milango ya unyago na mambo ya wanawake niliisoma kwa makini kama anayepekua mfuko wa mtoto. Yaliyomo ni ya mwanamume aliyesimama nje ya ua akasikia ngoma: anajua ngoma inapigwa, anajua nani kapewa nini, harusi ililipiwaje. Yaliyo ndani ya ua hayamo. Simlaumu, asingeingia akatoka salama. Lakini wasomi wanaokiita kitabu hiki picha kamili ya Waswahili wamesahau nusu ya Waswahili. Mama alikuwa hajui kuandika. Angelijua pia asingelimwandikia Mjerumani.

Basi tukafika kwenye uti. Kitabu kimeshashonwa, kimeshakatwa kingo, kimelazwa chini ya jiwe. Uti upana wake kama kidole na nusu, unabeba mistari miwili ya herufi kwa urefu. Wa tatu hauingii. Fundi alijaribu kwa penseli, ukawa kama watu watatu kwenye kiti cha mbele cha daladala. Mstari wa kwanza jina la kitabu, wa pili jina la mtu mmoja.

Kwanza jina la kitabu. "Wasuaheli au Waswahili?" akauliza. Tukahesabu: zote herufi tisa. "Bei ileile," akasema, "chagua kwa roho yako." Nikaacha Wasuaheli. Hiyo ndiyo alama ya kitabu, mwenye kukitafuta ndivyo atakavyokitafuta, na kila nikikitazama nacheka. Desturi za Wasuaheli: herufi 18, shilingi 9,000.

Sasa jina la mtu. Fundi ana kanuni: uti husema kinachosemwa na ukurasa wa kwanza ndani. Ukurasa wa kwanza unasema Velten. Herufi sita, shilingi 3,000. Mtoro bin Mwinyi Bakari ni herufi ishirini, shilingi 10,000.

Nikamwambia mimi si wa kwanza kulitaka hilo. Mwingereza J. W. T. Allen, aliyekaa sana Tanganyika na kukusanya miswada ya Kiswahili, ndiye aliyekitafsiri kitabu hiki kwa Kiingereza. Kilipotoka California mwaka 1981 jina la Mtoro liliingizwa kwenye jina la kitabu chenyewe, lisomwe na kila anayekishika. Fundi akasikiliza, akakuna kidevu kwa kucha yenye gundi, akasema maneno ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya niandike tathmini hii ndefu badala ya mistari miwili:

"Mimi naona huyu Velten ni fundi jalada."

"Vipi?"

"Si umesema maneno ya watu? Yeye kayapokea, kayapanga, kayashona, kayatia jalada. Kazi nzuri. Kama si yeye yangelikwisha kama ile ya pale." Akaonesha msahafu mmoja ulioliwa na mchwa mpaka umekuwa kama mkate wa kumimina. "Lakini mimi hapa nimeshona misahafu mingapi? Umeliona jina langu juu ya mmoja?"

Sikuwa na jawabu. Nilikuwa na hoja zangu nimezipanga tangu Wete: chuo, ukoloni, Allen, haki. Yeye kazimaliza kwa kidole. Nikamwambia tu, "Tia ishirini." Akavuta droo ya herufi za shaba, akaanza kutafuta M.

Kijana hakuridhika. Alitaka kujua kama Wajerumani wote walikuwa hivyo, wa kuchukua maneno ya watu. Nikamwambia wako waliochukua zaidi ya maneno. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alikuja kusini mwa Tanganyika mwaka 1906, Maji Maji bado haijapoa, akawarekodi watu sauti zao kwenye silinda za nta za mashine ya kurekodia. Fundi aliposikia nta akageuka, nikamwambia si ya uzi. Leo Frobenius, mzaliwa wa Berlin, 1873, ndiye mwenye jina kuliko wote. Safari zake za Afrika alizianza 1904 kwa Kongo. Mwaka 1910 alifika Ife, huko Nigeria, kwa Wayoruba, akakutana na kichwa cha madini cha Olokun, mungu wao wa bahari, uso mzuri kama wa mtu aliye hai. Badala ya kusema hawa Wayoruba ni mafundi, akasema hapa pana mabaki ya Atlantis, ile nchi ya hadithi za Wayunani iliyozama baharini. Akataka kuondoka nacho, Waingereza wakamlazimisha akirudishe. Na huyohuyo ndiye aliyeandika kwamba Afrika ina ustaarabu wake wa kale na kwamba Mwafrika mshenzi ni uzushi wa Wazungu. Senghor, mshairi na rais wa kwanza wa Senegal, alipomsoma alimpenda mpaka uzeeni.

"Sasa mzuri au mbaya?"

"Mwanangu, hii si sinema ya Kihindi."

Fundi akacheka mpaka akaiweka T chini. Nilimwambia kijana kile ambacho mimi nakitazama: mtu aliyekuja kwetu kuandika, je, amewaacha wenyewe waseme kwa majina yao, au kawafanya wote jina moja, "wenyeji"? Frobenius alikusanya hekaya nyingi mno, akazitoa kwa Kijerumani vitabu kumi na viwili, na ukivifungua unamsikia Frobenius. Velten ukimfungua unamsikia Mtoro. Kwa hilo Velten namsalimia, japo kwa herufi sifuri.

Herufi zenyewe zinapigwa hivi. Zinapangwa kinyume kwenye kishikizo, zinapashwa moto kwenye jiko dogo la umeme, fundi anazijaribu kwa kitambaa kibichi: zikitoa sauti ya "tss" fupi ziko tayari, ndefu zimezidi. Karatasi nyembamba ya dhahabu inawekwa juu ya uti, mkono unashuka mara moja tu. Hakuna kurudia. Aliposhusha mstari wa Mtoro alishika pumzi, na mimi nikaishika, na kijana naye. Ikatoka safi, ila N ya Mwinyi imepauka kidogo upande wa kushoto. Alitaka kunipunguzia shilingi 500 kwa ajili ya ile N. Nikakataa, halafu nyumbani nikajuta.

Sasa kasoro, maana nyota ya tano haikuondoka bure. Nimefika Wete, nimekaa barazani na chai, nasoma harusi: mahari, kilemba, watu wanakula. Nageuza ukurasa, nimo kwenye madeni na wadai. Nikasema naam, kwa wengi wetu ndivyo ilivyo, nikaendelea kurasa mbili nzima. Namba za kurasa ndizo zilizoniamsha: kitita kimoja kimeshonwa si pahala pake. Tena kurasa kama kumi mstari wa chini umekatwa nusu, kwa kuwa picha za maktaba zilikuwa ndefu kuliko karatasi na kijana hakuzipunguza. Nikarudi Chake, nauli yangu. Fundi hakubishana hata neno moja. Alifumua, akachapa upya kurasa zote zilizokatwa, akashona tena, akatia jalada lilelile bila ya kuidhuru dhahabu, na hakuchukua hata senti. Ila ilimchukua siku nne nyingine, na wanafunzi, kama mlivyokwishajua, walikuwa bado wana tarehe ya mwisho.

Ushauri kwa anayekwenda: kagua namba za kurasa kabla hakijashonwa, moja moja, ukiwa umesimama pale. Mwambie kijana apunguze picha zienee karatasi. Usiende msimu wa ripoti. Ijumaa hufunga mapema na harudi mpaka baada ya alasiri, kama anarudi. Msahafu wa wazee wako mpelekee bila ya wasiwasi wowote, nimeona anavyoushika. Jumla yangu ilikuwa shilingi 70,800, akaikata ikawa 70,000. Kwa pensheni ya mwalimu hiyo si pesa ndogo, na mwanangu wa kwanza kaniuliza kama nimepotewa na akili, kitabu kilichokuwa bure kwenye simu.

Wiki iliyopita nimempelekea flashi nyingine. Safari za Wasuaheli, 1901. Humo yumo Selim bin Abakari, Mswahili aliyekwenda na bwana wake wa Kijerumani mpaka Urusi na Siberia, akaandika aliyoyaona huko kwenye baridi. Mtoro naye yumo, na wengine. Fundi akafungua ukurasa wa kwanza.

"Huyu naye Velten?"

"Velten."

"Na walioandika?"

Nikamtajia majina. Akahesabu herufi kwa vidole, akahamia mkono wa pili, akaacha.

"Mwalimu, hapa utafilisika."

Nimemwachia malipo ya awali ya shilingi 20,000. Kushona ashone. Uti auwache mtupu mpaka nije mwenyewe.